Daftari la Ketobeli: Namna ya Kupima Maendeleo Yako kwa Mwaka Mzima

Kila wiki naulizwa maswali yale yale matatu. "Nimefanya mwezi mzima, mbona mizani haishuki?" "Nihamie kilo 20 lini?" Na la tatu huulizwa kwa sauti ya chini: "Hivi kweli naendelea, au najichosha tu?" Nami huuliza: mwezi uliopita ulifanya swingi ngapi (zoezi la kubembeza ketobeli), kwa dakika ngapi, na chuma cha kilo ngapi? Hapo mtu hutazama chini. Hakuandika.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Una ketobeli moja au mbili nyumbani, yaani tufe la chuma lenye mpini juu, umeshaonyeshwa mienendo ya msingi, na unataka kujua baada ya miezi 3, 6 na 12 kama mwili umebadilika kweli. Kama bado hujafundishwa swingi na mtu anayeijua, anzia huko kwanza. Daftari halirekebishi mgongo uliopinda.

Jambo moja lielewe kabla ya yote. Ketobeli haziongezeki kidogo kidogo. Kwenye vyuma vya sahani unaongeza kilo 2 na nusu, mwili hata hauhisi. Ketobeli inaruka kutoka kilo 12 hadi 16, ongezeko la theluthi nzima, kisha kutoka 16 hadi 20, robo nzima. Kwa hiyo unaweza kukaa na kilo 16 miezi minne, na miezi yote hiyo ukawa unaendelea vizuri sana. Ukihesabu kilo peke yake utajiona umesimama, utakata tamaa, na chuma kitageuka kizuizi cha mlango.

Hata Urusi, kwenye asili ya ketobeli, wanaoshindana hawahesabu kilo. Mchezaji anaingia na uzito uliokwisha kupangwa, saa inawekwa dakika 10, na kinachohesabiwa ni marudio. Uzito wenyewe ulitoka kwenye mizani ya zamani ya biashara: pudi moja ni kilo 16 na kitu, pudi moja na nusu ni 24, pudi mbili ni 32. Mtu wa Unguja au Pemba aliyekulia kwenye karafuu atatabasamu, maana pudi inakaribia kulingana na frasila yetu.

Vitu vya kuwa navyo

- Daftari la mistari, lenye jalada gumu, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Simu inafaa, lakini mikono yenye jasho na simu havipatani.
- Saa yenye sekunde, au saa ya simu.
- Futikamba ya fundi cherehani.
- Ketobeli unayojua uzito wake wa kweli.
- Mahali pamoja pa kufanyia vipimo: ua ule ule, sakafu ile ile.
- Kipimo cha presha kabla ya kuanza, hasa kama umevuka miaka 40, una kisukari, au kwenu kuna historia ya moyo. Maduka mengi ya dawa yanapima. Kaa umetulia dakika 5 kabla ya kufungwa mkanda. Ikiwa juu, muone daktari kwanza.

Nasisitiza uzito wa kweli kwa sababu nilishawahi kuumbuka. Nilichomelewa chuma nikaambiwa ni kilo 16, nikakitumia miezi mitano, nikaandika namba nzuri kweli kweli. Siku nilipokipeleka kwenye mzani wa kuning'iniza wa wanunua vyuma chakavu, kilisoma 14 na robo. Ilibidi nipitie kurasa zote nikirekebisha. Kama chuma chako kimetengenezwa mtaani, au ni kopo la rangi lililojazwa zege, kipime leo na uandike uzito kwa rangi kwenye chuma chenyewe. Zege hupungua uzito kidogo linapoendelea kukauka, hivyo lipime tena baada ya miezi miwili.

Hatua ya 1: Chagua mienendo minne, usiibadilishe

Fanya unachopenda katikati ya wiki, lakini vipimo vibaki kwenye mienendo michache. Mimi natumia hii:

Swingi ya mikono miwili, chuma kikipita kati ya mapaja na kupaa hadi usawa wa kifua kwa nguvu ya nyonga. Presi, yaani kusukuma chuma juu kwa mkono mmoja kutoka begani. Skwati huku umekumbatia chuma kifuani. Na getapu: unalala chali, chuma kimenyooshwa juu kwa mkono mmoja, unainuka hadi kusimama, kisha unarudi kulala bila mkono kukunjika.

Swingi inapima pumzi na nyonga. Presi inapima mabega, skwati inapima miguu. Getapu inapima kila kitu kwa wakati mmoja, na ndiyo inayoniambia mengi kuliko zote tatu.

Hatua ya 2: Chora ukurasa

Safu ziwe sita tu: tarehe, usingizi (idadi ya saa ulizolala), zoezi na kilo, seti na marudio, muda wote, ugumu. Chini acha mstari mmoja wa maelezo. Ukichora safu 15 utachoka wiki ya pili.

Huu ni ukurasa wangu mmoja, kama ulivyo:

*Jumanne 10/6. Usingizi saa 6.*
*Swingi k16: 10 × 10, dakika 12. Ugumu 7.*
*Presi k16: kulia 5, 5, 5. Kushoto 5, 5, 4. Ugumu 8.*
*Maelezo: kushoto bega linapanda sikioni rudio la nne. Nilikula dagaa na ugali saa moja kabla, kosa.*

Mstari wa mwisho usiudharau. Miezi sita baadaye niligundua kwamba siku zangu mbaya nyingi zilikuwa na maneno "nilikula" au "usingizi saa 4". Namba hazikuniambia hilo. Maelezo ndiyo yaliyoniambia.

Hatua ya 3: Jifunze kutoa alama ya ugumu

Alama ni kutoka 1 hadi 10, nayo unaipata kwa swali moja: ningeweza kuongeza marudio mangapi safi? Kama ungeweza matatu, ugumu ni 7. Moja, ni 9. Hakuna hata moja, ni 10, na siku za kufika 10 ziwe chache mno. Kwa swingi ndefu tumia salamu: ukimaliza seti, jaribu kuitikia salamu kamili ya mtu, "Marahaba mwanangu, hujambo, habari za nyumbani." Ukiitikia bila kukatika, ugumu uko 5 au chini. Ukiishia "Maraha...", uko 8.

Onyo: andika alama mara tu unapoweka chuma chini. Ukiandika usiku, mwili umeshasahau na utajipunja au kujisifu.

Hatua ya 4: Chukua vipimo vya mwanzo

Tenga siku mbili za wiki moja. Usivifanye vyote siku moja.

Kabla ya hapo, kwa asubuhi tatu mfululizo, hesabu mapigo ya moyo kabla hujatoka kitandani. Vidole viwili kwenye mkono chini ya kidole gumba, dakika nzima. Andika wastani wa siku tatu. Siku mojawapo pima kiuno usawa wa kitovu, ukiwa umetoa pumzi kwa kawaida, bila kuvuta tumbo ndani. Uzito wa mwili pima ukitaka, lakini uuandike kwenye kona ya ukurasa, usiupe kichwa cha habari.

Siku ya kwanza, swingi. Piga seti 10 za marudio 10, seti moja ikianza kila dakika inapogonga. Muda unaobaki ndani ya dakika ndiyo mapumziko yako. Ukimaliza seti ya kumi, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Baada ya dakika moja kamili hesabu tena. Andika namba zote mbili na tofauti yake. Hiyo tofauti ndiyo dhahabu. Mtu akianza na 160 kisha 136, tofauti ni 24. Akirudi baada ya wiki nane na chuma kile kile akapata 152 kisha 116, tofauti ni 36: moyo wake umejifunza kutulia haraka, hata kama kioo hakijaonyesha chochote.

Siku ya pili, presi na skwati: marudio mengi kadiri uwezavyo, ukiacha rudio moja akibani. Presi anza na mkono dhaifu. Kisha pumzika vya kutosha, halafu getapu: moja kila upande, kwa chuma kizito zaidi unachoweza kukiinua bila kutetereka. Kama hujawahi kushika chuma kwenye getapu, weka kiatu juu ya ngumi iliyokunjwa. Kikianguka, hiyo haihesabiki. Andika "kiatu, safi" au "kiatu, kimeanguka hatua ya goti". Hicho ni kipimo halali kabisa.

Wenye kutumia dawa za presha wajue kwamba baadhi ya dawa hizo hushusha mapigo. Wao wategemee alama ya ugumu na salamu, si mapigo.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya mzigo wa wiki

Jumapili jioni, dakika tano. Kilo mara marudio yote. Swingi 100 za kilo 16 ni kilo 1,600. Presi za kilo 16, seti 5 za marudio 5 kwa kila mkono, ni kilo 800. Jumlisha wiki nzima, zungushia duara.

Usiuongeze mzigo kila wiki kama anayepanda ngazi. Panda wiki tatu, ya nne shusha hadi kama nusu au zaidi kidogo, kisha endelea. Wiki ya kushusha iandike pia, kwa herufi S pembeni, ili siku za mbele usije ukaona namba ndogo ukadhani ulizembea.

Pamoja na mzigo, tazama muda. Swingi 100 zilizokuchukua dakika 15 mwezi wa kwanza zikakuchukua 10 mwezi wa tatu, kwa ugumu ule ule, ni maendeleo makubwa, na kilo ni zile zile 1,600. Kwa ketobeli, sehemu kubwa ya mwaka maendeleo yako yatakuwa ya namna hii: mapumziko mafupi, marudio mengi kidogo, ugumu mdogo, mkono wa kushoto kuufikia wa kulia.

Hatua ya 6: Hamia chuma kizito kwa kuchanganya

Sasa lile swali la kilo 20. Jibu langu: ukipiga seti 10 za swingi 10 kwa dakika 10, ugumu 6 au chini, siku tatu tofauti, uko tayari kuonja. Kuonja tu. Siku ya nne, seti ya 3 na ya 7 piga na kilo 20, nyingine zote baki na 16. Ukizoea, ziwe seti nne, halafu sita. Kwenye daftari andika wazi: *k16 × 8, k20 × 2*. Inaweza kuchukua wiki sita kubadilika zote kumi. Iwe hivyo.

Kosa ninaloliona zaidi ni kuhama kwa sababu ya mwenzako. Jirani amenunua 24, nawe unataka 24. Matokeo yake mgongo wa chini unauma, unapumzika wiki mbili, na daftari linabaki na shimo. Kosa la pili ni kuhamisha mienendo yote pamoja. Swingi hupanda kwanza. Presi hufuata baadaye sana, wakati mwingine miezi. Ni kawaida mtu kuwa na swingi ya 24 na presi ya 16.

Hatua ya 7: Rudia vipimo kila wiki nane

Chuma kile kile, mahali pale pale, saa ile ile ya siku, baada ya wiki ya kushusha. Ukipima mara ya kwanza saa 12 asubuhi Juni, ukarudia saa 9 alasiri Februari Dar es Salaam, umepima jua. Joto na unyevu hupandisha mapigo hata kwa aliye fiti. Kama huna budi kupima msimu wa joto, andika "joto kali" pembeni.

Hata ukishahamia kilo 20, kipimo cha swingi endelea nacho kwa kilo 16 kwa mwaka wote. Wengi hubadilisha chuma cha kipimo, halafu hawana cha kulinganisha.

Hatua ya 8: Linganisha msimu na msimu

Hapa ndipo faida ya muda mrefu inapoonekana, na hapa ndipo wengi hawafiki. Wanaofunga Ramadhani wasilinganishe mwezi huo na Shaaban. Weka herufi R kwenye kurasa zake, na mwakani linganisha Ramadhani na Ramadhani, ukikumbuka kwamba mwezi unasogea kama siku 11 kila mwaka. Vivyo hivyo kwa mkulima na msimu wa palizi, au mwalimu na wiki za mitihani.

Mwisho wa kila miezi mitatu fungua ukurasa mtupu, andika vipimo vyote safu moja, vya sasa karibu na vya mwanzo. Kisha ongeza mambo matatu ya maisha ambayo zamani yalikuwa magumu. Nina jirani, mama wa miaka 58, ambaye tulianza naye bila chuma chochote. Ukurasa wake wa kwanza unasema: "Kuinuka sakafuni: viganja viwili, goti, na kushika kiti." Miezi mitatu: "Viganja viwili, bila kiti." Miezi sita: "Kiganja kimoja." Mwezi wa tisa alifanya getapu na kiatu pande zote mbili, na kwenye mambo ya maisha akaandika kwa mkono wake: "Nimeswali nimesimama rakaa zote, sikukaa kitini." Uzito wake ulishuka kilo moja na nusu tu. Angetazama mizani peke yake, angeacha mwezi wa pili.

Ukikwama

*Namba zimesimama wiki nne au zaidi.* Tazama safu ya usingizi kwanza, kisha maelezo. Kama viko sawa, badilisha kitu kimoja tu: ongeza seti moja, au punguza mapumziko sekunde 10. Ukibadilisha vitatu hutajua kipi kimefanya kazi.

*Mkono wa kushoto uko nyuma.* Anza nao kila mara, na wa kulia usipite idadi ya wa kushoto. Inachukua miezi. Mwanzoni mzigo wa wiki utashuka kidogo, usishtuke.

*Mapigo ya asubuhi yamepanda ghafla.* Yakizidi ya kawaida yako kwa 8 au 10 kwa siku mbili tatu, punguza kazi. Mara nyingi ni usingizi, mawazo au maji machache. Ikija na homa, maumivu ya viungo au kichwa, nenda kapime malaria kabla ya kugusa chuma.

*Nimetoka kuugua.* Mimi huanza na nusu ya mzigo wa mwisho kwa wiki nzima, halafu robo tatu. Usirudie vipimo hadi wiki ya nne. Usichane kurasa za kabla ya ugonjwa wala usianzishe daftari jipya. Andika "malaria" au "safari" kwenye nafasi iliyo wazi, endelea chini yake.

*Mgongo wa chini unauma baada ya swingi.* Acha kuhesabu siku hiyo. Aghalabu mtu anachuchumaa badala ya kurudisha makalio nyuma, au anainua kwa mikono. Mwambie mtu akurekodi kwa ubavu, marudio matano. Maumivu yakishuka mguuni, au yakikaa zaidi ya wiki, muone mtaalamu wa viungo.

*Kifua kinabana, kizunguzungu, au pumzi haishuki baada ya kukaa.* Hapo hakuna kipimo tena. Weka chini chuma, mwambie mtu aliye karibu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

*Sugu za viganja zinachanika.* Unashika mpini katikati ya kiganja, usogeze kuelekea vidoleni. Suguza sugu kwa jiwe la kusugulia miguu ukitoka kuoga. Zikishachanika, pumzisha swingi, wiki hiyo fanya skwati, na kwenye daftari andika hivyo.

*Daftari limepotea au limelowa.* Ndiyo maana kila Jumapili, baada ya kuzungushia duara mzigo wa wiki, unapiga ukurasa picha na kujitumia mwenyewe kwenye simu. Kama hukufanya hivyo na limeshapotea, fanya vipimo vya Hatua ya 4 wiki hii hii na chuma kile kile, uanze kuhesabu wiki nane kutoka hapo.